Kampuni Mbili za Televisheni na Ulingo Mmoja

Wenzangu wasomaji, muhula huu nimeomba nafasi katika gazeti letu ili nieleze niliyojifunza juu ya televisheni na mchezo wa ngumi. Huenda wengine watasema, "Huyu yu kidato cha nne, mtihani uko mlangoni, naye anaandika habari za ngumi!" Nawaomba wasiache kusoma. Mimi si bondia, wala sijapata kuvaa glavu. Lakini habari hizi zimenifundisha namna ya kupima ushahidi, jambo ambalo kila mwanafunzi analihitaji. Tena nina deni katika gazeti hili hili, nami nitalilipa mwishoni mwa makala.

Mambo yalianza hivi. Likizo iliyopita mjomba wangu, ambaye amependa ngumi tangu ujana wake, alinipa flashi yenye mapambano ya zamani ya Marekani. Katika kila pambano alikuwa ameandika majina ya mabondia, mwaka, na kampuni iliyolionyesha: HBO au Showtime. Nikamwuliza, "Mjomba, kuna haja gani ya kuandika jina la kampuni? Si pambano ni lile lile?" Akanijibu, "Pambano ni la mabondia, lakini macho unayotazamia ni ya kampuni." Siku ile sikumwelewa. Nilipofika shuleni nilisoma habari hizo katika chumba cha kompyuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

KAMPUNI HIZI ZILIANZAJE?

HBO ilianza tarehe 8 Novemba 1972, katika mji wa Wilkes-Barre, jimbo la Pennsylvania. Stesheni kubwa za Marekani wakati ule zilipata fedha kwa matangazo ya biashara, na mtazamaji hakulipa kitu. HBO haikufanya hivyo. Kila nyumba iliyotaka kuitazama ililipa ada ya mwezi. Basi, ilibidi itafute vitu ambavyo mtu hawezi kuvipata bure kwingine, na ngumi ikawa mojawapo. Tarehe 22 Januari 1973 ilionyesha pambano la Joe Frazier na George Foreman huko Kingston, Jamaica. Foreman alimwangusha Frazier mara sita katika raundi mbili tu, akamnyang'anya ubingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Mwaka 1975 HBO ilirusha kwa setilaiti pambano la tatu la Muhammad Ali na Frazier kutoka Manila, Ufilipino. Huko Manila ilikuwa asubuhi ya tarehe 1 Oktoba, na Marekani ilikuwa bado usiku wa tarehe 30 Septemba, lakini watu waliliona pambano wakati ule ule lilipopiganwa. Tangu hapo kampuni nyingine zikajua ya kuwa njia hiyo yawezekana.

Showtime ilizaliwa mwaka 1976, lakini iliingia katika ngumi za ubingwa miaka kumi baadaye, tarehe 10 Machi 1986, mjini Las Vegas. Hapa sisi watu wa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu. Pambano lile la kwanza lilikuwa kati ya bingwa Marvin Hagler na John Mugabi wa Uganda, aliyezaliwa Kampala na kupata nishani ya fedha katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Kabla ya usiku ule Mugabi hakuwa amepata kushindwa katika ngumi za kulipwa, na wapinzani wake wote walishindwa kumaliza pambano. Alipigana kiume na Hagler mpaka raundi ya kumi na moja, ndipo akaangushwa asiweze kuendelea. Kwa hiyo jirani yetu alikuwapo siku mlango wa Showtime ulipofunguliwa.

ZILIVYOTOFAUTIANA

HBO ilikuwa na fedha nyingi zaidi, nayo ilipenda kuwafunga nyota kwa mkataba. Mtangazaji wake mkuu tangu 1988 alikuwa Jim Lampley. Kando yake alikaa Larry Merchant, mwandishi wa magazeti wa zamani, ambaye hakuogopa kumwuliza bondia maswali magumu akiwa bado anatoka jasho. Alikuwapo pia Harold Lederman, jaji wa zamani wa ngumi, aliyetoa pointi zake mwenyewe wakati pambano linaendelea, ingawa pointi hizo hazikuhesabiwa katika matokeo. Tangu 1996 HBO ilikuwa na kipindi cha usiku cha mabondia ambao bado hawajawa nyota wakubwa, na mwaka 2007 ilianza kuonyesha maisha ya mabondia kambini, majuma kadhaa kabla ya pambano lenyewe.

Showtime ilikuwa ndogo kuliko mwenzake, na mdogo hapana budi atumie akili. Tangu 2001 ilikuwa na kipindi cha kuwapambanisha vijana kwa vijana, ambamo bondia asiyepata kushindwa hakupewa mtu dhaifu wa kumpamba. Mwaka 2009 ilikusanya mabondia sita wa uzito mmoja, ikawapanga wapigane wao kwa wao kama timu za mpira katika mashindano ya kombe. Kazi ile ilichukua miaka miwili, na mwishoni mwa 2011 Andre Ward akawa mshindi.

Basi, ipi ilikuwa bora? Wapenzi wa HBO watakutajia pambano la kwanza la Micky Ward na Arturo Gatti, tarehe 18 Mei 2002. Wapenzi wa Showtime watakutajia tarehe 7 Mei 2005, siku Diego Corrales alipoangushwa mara mbili katika raundi ya kumi, akainuka, na katika raundi ile ile akamshinda José Luis Castillo. Nimeyatazama yote mawili. Kwa maoni yangu, ushujaa haukuwa wa kampuni hata moja. Kampuni ilileta kamera. Moyo aliuleta bondia.

UKUTA ULIOJENGWA NA MIKATABA

Sasa tuangalie upande usiopendeza. Kampuni iliyonunua pambano ililionyesha peke yake katika nchi ile, na aliyemfunga bondia kwa mkataba hakutaka apigane penye kamera za jirani. Mike Tyson alikuwa wa HBO mpaka mwaka 1990, kisha akahamia Showtime. Lennox Lewis akawa nyota wa HBO. Watu walitaka sana kuwaona pamoja, lakini kila mmoja alikuwa ndani ya ua wake. Walikutana tarehe 8 Juni 2002 mjini Memphis, baada ya kampuni zote mbili kukubali kulitangaza pambano kwa ushirika. Lewis alikuwa na miaka 36 na Tyson 35, na Tyson hakuwa tena yule aliyewatetemesha watu. Alianguka katika raundi ya nane.

Jambo kama hilo lilitokea tena tarehe 2 Mei 2015, kati ya Floyd Mayweather wa Showtime na Manny Pacquiao wa HBO. Huko Las Vegas ilikuwa Jumamosi usiku; hapa kwetu ilikuwa Jumapili, yapata saa moja asubuhi. Nisizisingizie kampuni: mazungumzo ya pambano lile yalivunjika mara ya kwanza zamani, wakati mabondia wote wawili walikuwa bado HBO, kwa ugomvi juu ya kupimwa damu. Lakini Mayweather alipohamia Showtime mwaka 2013, ukuta mwingine uliongezwa juu ya ule wa kwanza. Walipokutana, Mayweather alikuwa na miaka 38 na Pacquiao 36. Nyumba milioni 4.6 hivi za Marekani zililipia pambano hilo, kila moja karibu dola 100, na Mayweather akashinda kwa pointi. Baadaye Pacquiao akaeleza ya kuwa bega lake la kulia lilikuwa limeumia, akafanyiwa upasuaji. Watu wengi waliomdharau usiku ule hawakujua habari hiyo.

SAUTI SIKIONI

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa neno la mjomba. Mechi ya mpira ikichezwa, unaweza kusoma magazeti mawili ukalinganisha. Lakini mtu aliyekaa nyumbani kwake Marekani, akitazama pambano la HBO, alisikia sauti ya HBO tu. Akitazama la Showtime, alisikia ya Showtime tu. Wale wanaozungumza walilipwa na kampuni iliyomlipia bondia. Wengine walikuwa mabondia wa kampuni ile ile: George Foreman alikuwa mtangazaji wa HBO, na mwaka 1994 alipanda ulingoni mbele ya kamera hizo hizo, akamwangusha Michael Moorer na kuwa bingwa tena akiwa na miaka 45.

Sisemi ya kuwa watangazaji walikuwa waongo. La hasha! Mara nyingine wao ndio waliokuwa sawa kuliko majaji. Tarehe 13 Machi 1999 Lennox Lewis alipigana na Evander Holyfield mjini New York. Wahesabuji wa ngumi waliandika ya kuwa Lewis alifikisha ngumi 348, na Holyfield 130. Majaji wakasema sare! Watangazaji wa HBO walishangaa, na watu wengi duniani walishangaa pamoja nao.

Lakini yafaa tujue namna hesabu hiyo inavyofanywa. Watu wawili hukaa karibu na ulingo, kila mmoja akimtazama bondia mmoja, naye hubonyeza kitufe kila ngumi inaporushwa na kila inapofika. Kazi hiyo ilianza mwaka 1985, na kampuni zote mbili ziliitumia. Inaonyesha ngumi ngapi zilifika, lakini haipimi uzito wa kila ngumi. Tena pambano haliamuliwi kwa jumla ya ngumi. Huamuliwa raundi moja moja. Mshindi wa raundi hupata pointi 10, na mwenzake kwa kawaida 9. Akiangushwa hupata 8. Aliyeshinda raundi 7 kati ya 12, bila mtu kuanguka, hupata 115 kwa 113. Aliyeshinda 11 hupata 119 kwa 109. Jaribuni kuzijumlisha mtaona.

JARIBIO LETU

Jumamosi moja, kwa ruhusa ya mwalimu wa zamu, tulionyeshwa bwaloni pambano la Pacquiao na Timothy Bradley, la tarehe 9 Juni 2012, lililotangazwa na HBO. Kila Pacquiao aliporusha ngumi watangazaji walipaza sauti, na sisi tukapaza pamoja nao. Lederman alimpa Pacquiao 119 kwa 109. Majaji wawili wakampa Bradley 115 kwa 113, na wa tatu akampa Pacquiao 115 kwa 113. Bradley akawa mshindi. Bwalo zima likapiga kelele, "Wamemwibia!" Hata mimi nilisimama juu ya benchi.

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Nilijiuliza: je, niliona kwa macho yangu, au niliona kwa masikio? Juma lililofuata tukakusanyika watu saba katika chumba cha kompyuta. Kila mmoja alichora karatasi yenye mistari 12. Tukazima sauti kabisa, tukatazama pambano lile lile tangu mwanzo, bila mtu kusema na mwenziwe, na kila raundi ilipokwisha tukaandika pointi zetu.

Matokeo yalikuwa haya. Watano tulimpa Pacquiao ushindi, mmoja akatoa sare ya 114 kwa 114, na mmoja, mwanafunzi wa kidato cha tatu, akampa Bradley 115 kwa 113. Katika sisi watano, hakuna hata mmoja aliyefika 119 kwa 109. Aliyempa Pacquiao pointi nyingi kuliko wote aliandika 117 kwa 111. Mimi niliandika 116 kwa 112. Raundi tatu ambazo bwaloni niliapa ni za Pacquiao, sasa nilizikuta ni za Bradley.

Yule wa kidato cha tatu tulimcheka, tukamwuliza alikuwa akitazama pambano gani. Hakukasirika. Alitwaa karatasi yake, akatuonyesha raundi moja baada ya nyingine, na kwa raundi mbili alitufanya tunyamaze. Sikukubaliana naye mwishoni, lakini alikuwa na sababu, na sisi bwaloni tulikuwa na kelele tu.

Nawaomba mnielewe vyema. Bado naamini Pacquiao alishinda. Baada ya pambano lile chama cha ngumi kilichosimamia mkanda kiliwapa majaji wengine watano kazi ya kulitazama upya, na wote watano walimpa Pacquiao, ingawa matokeo hayakubadilishwa. Kwa hiyo watangazaji hawakukosea juu ya mshindi. Walichofanya ni kuzifanya raundi nyingi za karibu zionekane kana kwamba hazikuwa na shaka. Ukweli uliotiwa chumvi ni hatari kwa namna yake, maana humfanya mtu amwite mwizi kila asiyekubaliana naye.

MWISHO WA KAMPUNI HIZO KATIKA NGUMI

Siku hizi hakuna hata moja kati ya hizo mbili ionyeshayo ngumi kama zamani. HBO ilionyesha usiku wake wa mwisho tarehe 8 Desemba 2018, baada ya miaka 45. Showtime ilifuata tarehe 16 Desemba 2023. Mapambano mengi makubwa yamehamia kwenye intaneti, na kampuni mpya zimeanza kununua mabondia na kujenga kuta zao. Watangazaji wamebadilika, lakini kazi ya mtazamaji ni ile ile.

ZOEZI KWA MSOMAJI

1. Tazama pambano au mechi yoyote iliyorekodiwa, mara ya kwanza kwa sauti, mara ya pili bila sauti. Andika maoni yako kila mara kabla ya kuzungumza na mtu.
2. Mtu akikupa habari, jiulize: Je, aliona mwenyewe? Alikaa wapi? Analipwa na nani, au ni wa upande gani?
3. Bondia ameshinda raundi 8 kati ya 12, wala hakuna aliyeangushwa. Tafuta pointi za kila mmoja.

DENI LANGU

Sasa nalipa deni. Katika toleo la muhula uliopita mimi ndiye niliyeandika habari za fainali ya mpira ya mabweni. Niliandika ya kuwa golikipa wa bweni la wapinzani wetu "aliachia bao la pili kwa makusudi." Maneno yale yalisomwa na shule nzima. Yule golikipa alipewa jina la Mlango Wazi, akaitwa hivyo darasani, mstarini, hata bwaloni akipanga foleni ya chakula. Muhula huu hakurudi katika timu.

Ukweli ni huu: mimi sikuliona bao lile. Nilikuwa nimekaa nyuma ya goli letu, upande wa pili kabisa wa uwanja, katikati ya watu wa bweni langu waliokuwa wamesimama. Nilichokisikia ni sauti ya mwenzetu aliyeshika kipaza sauti, naye alikuwa wa bweni letu. Alitangaza kwa mzaha, nami nikaandika kama ushahidi. Baada ya jaribio letu nilikwenda kuwauliza wanafunzi watatu waliokaa karibu na goli lile. Wote waliniambia ya kuwa mpira uligonga kidole chake kikapinda, na walimwona akienda zahanati ya shule baada ya mchezo. Mimi nilikuwa nimemwona siku ya pili yake kidole kikiwa kimefungwa bendeji, wala sikumwuliza.

Nimekwenda kwake bwenini nikamwomba msamaha ana kwa ana, naye akaniambia, "Uliandika mbele ya watu wote, basi ufute mbele ya watu wote." Ana haki. Kwa hiyo nafuta maneno yale hapa, katika gazeti lile lile. Hakuachia bao kwa makusudi. Alicheza akiwa ameumia mpaka filimbi ya mwisho. Nawaomba wenzangu wote waliache lile jina, kwani mimi ndiye niliyelizaa, nalo halikuwa na haki ya kuzaliwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne